Pale Meno Yanapofika

Vijana wa ofisi ya mifugo bado wananitumia picha. Nakuwa nimekaa barazani hapa Tunduma, naangalia malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, simu inaita, nafungua, nakuta mgongo wa simbilisi usio na manyoya. "Mama, shikamoo. Hii ni nini?" Basi. Hakuna umri, hakuna uzito, hakuna neno juu ya anakolala wala anachokula. Mgongo tu, na pembeni kidole gumba cha mwenye mnyama. Zamani simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, alikuwa wa jikoni huko milimani. Siku hizi watu wa mjini wanamfuga sebuleni kwa ajili ya watoto wao, wanampa jina la mchezaji mpira, na akijikuna mara mbili wanataka daktari. Siwacheki. Anayejikuna anajikuna, awe jikoni au sebuleni.

Nimestaafu majuzi, na badala ya kujibu mgongo mmoja mmoja nimeona niandike yote mahali pamoja. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayevitaka akatafute faili langu, kama panya wamelibakiza. Nitaandika niliyofundishwa na nisiyofundishwa, na mwisho nitaandika jambo moja nililolifanya kijijini Isansa ambalo hakuna ofisa aliyewahi kuniuliza.

Mimi ni mtu wa bondeni, upande wa Momba, na kwetu mifugo maana yake ni ng'ombe. Chuoni nilisoma ng'ombe, nikasoma mbuzi, nikasoma nguruwe kidogo. Simbilisi alikuwa na mistari miwili tu kitabuni, tena kwenye sura ya wanyama wa maabara. Nilipopangiwa Isansa nilifika na buti jipya na mikasi ya kukatia kwato, na mgonjwa wangu wa kwanza akaletwa ndani ya khanga. Mama mmoja aliifungua mezani pangu, akatoka kitu cha ukubwa wa kiatu cha mtoto, kimejaa magamba, kinatetemeka.

"Bwana mifugo, huyu anajikuna mpaka anaanguka," alisema.

Waliniita bwana mifugo tangu siku ile. Nilijaribu kuwasahihisha mwaka mzima, kisha nikachoka. Wakiona buti na begi la dawa, ndani yake wanamwona bwana mifugo, na mwanamke aliyevaa buti atajijua mwenyewe.

Siku ile sikujua la kufanya. Nilimwambia yule mama arudi kesho, nikaenda kwenye josho kumtafuta Mzee Haonga. Alikuwa mwangalizi wa josho, mtu mkimya, Mnyiha wa kijiji hichohicho, hana cheti hata kimoja. Nilimkuta anatoa tope kwenye shimo la kuogeshea. Nikamweleza. Aliniuliza kama nilimtazama mnyama kabla ya kumshika. Nikasema nilimshika kwanza.

"Ndiyo maana hukuona kitu, binti," alisema. "Ukishamshika, anakutazama wewe. Hakuonyeshi tena anakowashwa."

Kila nilichokijua baadaye kuhusu ngozi ya simbilisi kilianzia pale. Mwache chini kwanza. Mtazame anakojikuna, kwa mguu upi, na kama analia akijikuna. Kisha mlaze kwenye kitambaa cheusi, upitishe chanuo la chawa kuelekea mkiani, ingawa mkia wenyewe hana. Vitu vyeupe vikidondoka, subiri. Vikitembea ni chawa, na chawa ni nafuu, hawaingii ndani. Visipotembea ni magamba, na hapo kazi ndiyo imeanza. Mzee Haonga alikuwa na kioo cha kukuzia ambacho mpini wake ulikatika, akaufunga kwa mpira wa baiskeli. Mimi nilinunua kizuri zaidi Vwawa, nikakipoteza mwezi wa pili. Cha kwake kilikuwepo mpaka mwisho.

Nimeona mengi kwa kioo kile. Niliona choa kinachoanzia puani na kuzunguka macho kama miwani, nikajifunza kuuliza kama kuna mtoto nyumbani mwenye duara kichwani, maana wanaambukizana, na ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine umefanya kazi bure. Niliona majike wazima waliopukutika manyoya mbavuni, huku na huku sawasawa, bila kujikuna hata kidogo. Hao shida yao iko kwenye vifuko vya mayai tumboni, na paka mafuta yoyote utakayo, hayafiki huko. Niliona manyoya makavu yaliyosimama na miguu iliyovimba magotini. Kwa hao, waliopungukiwa vitamini C, nilikuwa naandika mapera na pilipili hoho badala ya dawa, na wenyewe waliondoka wameudhika, kwa kuwa hakuna anayependa kutembea saa mbili aambiwe mapera. Karibu na Mbozi Mission kulikuwa na fundi cherehani aliyempaka simbilisi wake oili chafu ya gari kwa ajili ya upele. Nilimwogesha yule mnyama kwa sabuni ya kipande mara nne. Fundi alisimama pembeni akinilaumu kwamba namtoa dawa.

Wale wadudu wa ukurutu wanaochimba ngozi ndio wabaya kuliko wote. Huwaoni kwa macho, lakini unaona kazi yao. Mnyama hulala ubavu, hukakamaa, hupiga miguu hewani, na wenyewe husema ni kifafa au karogwa. Si kifafa. Ni muwasho uliomzidi. Sindano yake ni ile ya ng'ombe, lakini kiasi chake ni tone, na tone hilo hupimwa kwa bomba dogo la sindano la wagonjwa wa kisukari, baada ya kumweka mnyama kwenye mizani ya dukani. Usikadirie. Rudia baada ya siku kumi, kisha tena. Na wakati huohuo safisha anapolala, la sivyo unawatoa wadudu mlangoni na kuwapokea dirishani.

Hapo kwenye kusafisha ndipo ninapofika kwa Bibi Tusekile.

Alikuwa mjane, Mndali wa Ileje aliyeolewa Isansa. Watoto wake watatu walikuwa ng'ambo ya mpaka kwenye biashara, na mzee wake alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla. Kahawa iliyobaki aliihudumia mwenyewe kadiri alivyoweza. Jikoni kwake, kando ya mafiga, aliishi na simbilisi tisa kama wanavyoishi nao kwao, kwenye sakafu iliyopashwa joto na moto. Mtu asiyejua atadhani ni kitoweo. Wa kwake hakuwachinja. Alipochukua kisu kukata majani, wote tisa walipiga mluzi kwa pamoja, naye aliwajibu kwa Kindali, sentensi ndefu, kama anayewaelezea habari za sokoni. Nilisimama mlangoni siku ya kwanza nikasikiliza mpaka nikaona aibu.

Wote tisa walikuwa na ukurutu. Mmoja, dume la madoa ya rangi ya chai, alikuwa katika hali mbaya, hataki kula, anakakamaa kila akiguswa. Niliwachoma wote. Yule wa madoa nikamwomba bibi nimchukue nikamlishe kwa mkono nyumbani kwangu, kwa kuwa alihitaji kuangaliwa asubuhi na jioni.

"Mchukue," alisema. "Lakini atarudi?"

"Atarudi, bibi. Akipona tu."

Tulikubaliana kwamba Jumamosi ningekuja kunyunyiza dawa sakafuni na kwenye kuta. Alhamisi nikaitwa Galula, mbuzi walikuwa wanakufa, na kule ukishafika kwa pikipiki huwezi kurudi upendavyo. Ijumaa nikampigia bibi simu kutoka huko. Nilimwambia dawa niliyomwachia aichanganye na maji kama nilivyomwonyesha, awatoe wanyama, anyunyize, asubiri pakauke, awarudishe.

"Nina bomba la marehemu," alisema.

"Vizuri," nilisema. "Tumia hilo."

Wanangu, Mbozi kila nyumba ina bomba la mgongoni, na bomba hilo ni la kahawa. Nilikuwa nimeishi Isansa miaka sita. Nilikuwa nimeyaona yametundikwa kwenye kila ukuta. Sumu ya wadudu wa kahawa hukaa kwenye mpira na kwenye kichwa cha bomba hata ukilisuuza, na hilo halikusuuzwa tangu mwenyewe alipolitundika. Sikuuliza. Swali lilikuwa la maneno matatu, "Lilipuliza nini mwisho?" na mimi nilikuwa na haraka ya mbuzi wa Galula.

Nilirudi Jumatatu. Bibi alikuwa amewapanga wote wanane kwenye gunia uani, amewafunika kwa majani ya mgomba. Udenda ulikuwa umekauka midomoni. Niliunusa mpira wa bomba nikajua. Nilimwambia hapohapo, sikuficha: kosa ni langu, nilitakiwa kuuliza. Alisikiliza. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mbali, mwanangu. Mkono ulioshika bomba ni wangu." Tukawafukia pamoja chini ya mibuni. Kisha akauliza, "Yule wa madoa?"

"Anakula," nilisema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia, na alilia kwa kusikia kwamba anakula.

Sasa naandika lile nililoahidi.

Yule dume alipona wiki ya tatu. Magamba yalidondoka, manyoya yakaota laini kama ya kitoto cha simbilisi, na nikipitisha chanuo hakikutoka kitu. Nilipaswa kumrudisha siku ileile. Nyumba yangu ya serikali ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja, na kwa miaka sita hakuna aliyeugonga isipokuwa mwenye mnyama mgonjwa. Sikuolewa, na sababu zake hazihusu ngozi. Nilikuwa nimezoea. Ila sasa nikirudi jioni na kufungua mlango, kitu kilipiga mluzi. Kilijua mwendo wangu. Nilijikuta nazungumza, mimi mtu wa bondeni, namweleza simbilisi habari za josho na nani kauliza nini. Sikumpa jina. Nilijua kwamba anayempa jina mnyama wa watu ameshaanza kuiba.

Jumapili baada ya ibada Bibi Tusekile alikuwa anapita kwangu na fungu la majani mabichi.

"Anaendeleaje mwenzangu?"

"Bado bibi. Ngozi bado."

"Nimwone kidogo?"

"Hapana, utabeba wadudu uwapeleke jikoni. Tungoje."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kazini, ile ambayo watu hawaibishii. Aliitikia, akanipa majani, akaondoka. Wiki iliyofuata tena. Alikuwa anayakata kwenye mfereji mmoja wenye majani laini, mbali na kwake, na magoti yake hayakuwa mazima. Nilikuwa nampa dume lake majani yake, na kumwambia mwenyewe kwamba bado. Nilifanya hivyo miezi miwili. Kila Jumamosi niliapa kwamba kesho namwambia. Nilijua kabisa jikoni kwake kukoje. Nilijua kuliko mtu yeyote pale kijijini, kwa kuwa nilikuwa nikiishi hivyohivyo, na ndiyo maana sikutaka kurudi kwenye hali ile.

Mwishoni mwa mwezi wa pili tangu nimchukue, manyoya yakaanza kuisha tena. Kwanza kiunoni, kisha mbavuni, kisha juu ya miguu ya nyuma. Nikashtuka, na nakiri kuna sehemu yangu ilifurahi, maana uongo ulikuwa umegeuka ukweli. Nikamchoma sindano. Siku kumi, nikamchoma tena. Nikabadilisha majani ya kulalia, nikafua kila kitambaa. Ngozi ilikuwa safi, haina gamba wala wekundu, na manyoya yalikuwa mafupi kama yaliyokatwa kwa mkasi. Yakazidi kuisha.

Nilimwita Mzee Haonga. Alikuja na kioo chake, lakini hakukitoa mfukoni. Alikaa chini sakafuni akamtazama dume yule kwa muda mrefu bila kumgusa.

"Kichwani yapo?" aliuliza.

"Yapo."

"Shingoni?"

"Yapo. Na kifuani."

"Unamjua mdudu anayeanzia pale meno yanapofika, akaishia pale meno yasipofika?"

Niliinama nikamtazama tena kiunoni.

"Anajila mwenyewe, binti," alisema. "Hawa hawakai mmoja. Tangu lini yuko mmoja humu?"

Nikamwambia. Hakuuliza kwa nini hajarudishwa. Alitazama chumba changu kidogo, kitanda, meza, kiti kimoja, akasimama kwa kujisukuma ukutani, akaniaga kwa heshima kuliko siku zote. Ningependa angenigombeza.

Mtaona nimeandika dalili hiyo kwa kirefu, na naomba muishike. Manyoya yaliyokatika juu ya ngozi safi, kichwa na shingo vikiwa vizima, si ugonjwa wa ngozi. Kama wako wengi, mmoja anawanyoa wenzake. Kama yuko peke yake, anajinyoa yeye. Msimchome. Mimi niliyewafundisha wengine kutazama kabla ya kushika nilikuwa na mnyama huyo mapajani kila jioni, na sikumwona.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka. Bibi Tusekile alikuwa jikoni. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka udongo mpya, na moto ulikuwa unawaka ingawa hakuna kilichobandikwa. Nilimweka dume yule chini. Alisimama kidogo, kisha akakimbia moja kwa moja mpaka kando ya mafiga, mahali pake, akajibana pale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Amepona?"

"Alipona zamani," nilisema. "Alipona wiki ya tatu. Nilikudanganya. Nilikaa naye kwa kuwa nyumba yangu ni kimya, na mimi sikuweza kuachana naye. Hayo manyoya ameyala mwenyewe, kwa upweke. Hana ugonjwa. Nisamehe."

Aliendelea kumtazama mnyama. Alichukua kisu na fungu la majani, akakata, na yule dume akapiga mluzi, mmoja tu, mwembamba. Bibi hakumjibu kwa Kindali kama nilivyotegemea. Aliweka kisu chini.

"Wale wanane nilikusamehe siku ileile," alisema. "Ulikosea. Mtu anakosea. Lakini kwa huyu ulinidanganya huku unanitazama usoni."

"Ndiyo, bibi."

"Jumapili tisa."

"Ndiyo."

"Ulisema kwako kuna kimya. Nyinyi mlikuwa wawili. Mimi hapa nilikuwa na nani?"

Nilimwambia nitaleta majike wawili kutoka Ileje ili dume asikae peke yake, na niliwaleta wiki ileile, nikawakagua kwa kitambaa cheusi mbele yake. Aliwapokea. Alishukuru, kwa maneno yote yanayotakiwa. Baada ya mwaka jikoni kwake walikuwa saba, na majirani waliniambia kwamba madume na majike wote wana manyoya mazuri, yanang'aa.

Ilibidi niambiwe na majirani. Nilikaa Isansa miaka mingine kumi na moja, na katika miaka hiyo wanyama wake waliugua kama wa watu wote wanavyougua. Akiona mmoja anajikuna, alimtia kwenye kikapu, akafunika kwa khanga, akapanda gari mpaka Vwawa kwa ofisa mwingine, kijana ambaye hakuwajua simbilisi vizuri. Njia ya kwenda kituoni ilipita mbele ya mlango wangu. Nilikuwa nasimama pale na buti na begi langu, na alisimama kila mara kunisalimia, akaniuliza hali yangu, akaniuliza kazi, nami nikamjibu nzuri, bibi, na kikapu kikiwa mkononi mwake, akaendelea na safari.